Mayai Yasiyo na Alama

Mama yangu alikuwa mpishi, na ndiyo sababu nyumbani kwetu mpishi nilikuwa mimi. Aliamka saa kumi alfajiri, akajifunga leso, akaenda kwenye hoteli ya mabati iliyokuwa kando ya barabara kuu ya Malaba, karibu na mpaka wa Uganda. Huko alisukuma chapati na kukoroga masufuria ya nyama kwa ajili ya madereva wa malori waliongoja kuvuka. Foleni ikiwa fupi, alirudi mapema. Malori yakipangana mpaka karibu na Amagoro, alirudi jua likizama, na ungemsikia mlangoni akihangaika na viatu. Miguu yake ilivimba, na viatu vilikataa kutoka.

Baba alifanya kazi Mombasa, tukimwona wakati wa Krismasi. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu: Mama, na mimi Atyang, mwanafunzi wa darasa la sita, hodari wa kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na mvivu wa mambo mengine mengi. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na majirani. Nikitoka shule nilichota maji, nikawasha jiko la makaa, nikasonga ugali. Lakini siku za uchovu mkubwa Mama hakutaka ugali wala mboga.

"Siku nzima nimenusa vitunguu na mafuta," alikuwa akisema. "Nitengenezee mkate wa mayai tu, Atyang. Huo hauniulizi maswali."

Mkate wa mayai ndio uliokuwa chakula chetu cha kujifariji. Mama aliupika nilipougua malaria, na wakati ule barua ya Baba ilipochelewa miezi miwili. Alinifundisha mwenyewe: vunja mayai mawili kwenye bakuli, tia maziwa kidogo, sukari kijiko kimoja na chembe ya chumvi, kisha upige mpaka povu litokee. Tumbukiza slesi ya mkate, igeuze, itoe upesi. Ikaange kwa mafuta machache mpaka iwe na rangi ya hudhurungi. Mkate wa jana ndio bora, alisema, kwa sababu mkate laini huvunjikia kwenye bakuli. Nasi mkate wa jana hatukuukosa, maana mwenye hoteli alimpa Mama slesi zilizobaki.

Mayai nayo yalitoka kwa kuku wetu mwekundu, aliyetaga karibu kila baada ya siku moja katika kikapu kilichokuwa kwenye pembe ya jikoni. Hatukuwa na kuku mwingine mpaka jirani yetu, Nyanya Nabwire, alipotuletea wa kwake.

Nyanya Nabwire alikuwa mjane aliyetoka Funyula, mwenye sauti kubwa na macho yasiyopitwa na kitu. Jumamosi moja asubuhi alikuja na kuku wa madoadoa kwapani na mayai kumi na moja kwenye kitambaa. Kuku huyo alikuwa tayari kuatamia. Nyanya hakuwa na mahali pazuri pa kumlaza, kwa kuwa vicheche walikuwa wakiingia nyumbani kwake. Basi akamweka kwetu kwa desturi ya kugawana: sisi tutamtunza kuku, na vifaranga wakianguliwa, nusu watakuwa wake na nusu wetu.

Sijawahi kumwona Mama akifurahi vile kwa sababu ya kuku. Alikuwa na mpango. Vifaranga wakikua, majike yatataga, na yeye ataiuzia mayai ile hoteli badala ya kuipikia. "Nipe mwaka mmoja tu," aliniambia, "na mimi nitalala mpaka jua litoke kama watu wengine."

Jumamosi hiyo alikuwa amechelewa kwenda kazini. Aliniita akiwa ameshafika mlangoni.

"Atyang, chukua kipande cha makaa, uchore duara kwa kila yai kabla hujaliweka chini ya kuku. Yote kumi na moja. Huyu mwekundu atakuja kutaga humo humo. Yai lenye alama ni la kuanguliwa. Lisilo na alama ni letu, tunalitoa siku hiyo hiyo. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Na kweli nilikuwa nimesikia. Lakini hata kabla sijaokota makaa, wasichana wenzangu walianza kuniita kutoka uwanjani. Mchezo wa kati ulikuwa umeanza, na upande wetu ulikuwa na upungufu wa mtu mmoja. Makaa huchafua vidole, na mchezo haungoji. Niliyapanga mayai kikapuni yakiwa meupe vile vile, nikamweka kuku wa madoadoa juu yake, nikakimbia. Nilijiambia kwamba nitayachora nikirudi. Niliporudi, kuku alikuwa amejitandaza, na nilipopeleka mkono alinidonoa mpaka damu ikatoka.

Jioni Mama aliuliza, "Umeyatia alama?"

"Nimeyatia."

Hakwenda kuangalia. Alikuwa amekaa kitini amefumba macho, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Uongo huo mmoja ulizaa mwingine upesi kuliko kuku yeyote. Jumatatu kuku mwekundu aliingia kikapuni, akamsukuma mwenzake, akataga. Nilipochungulia sikuweza kujua yai lipi ni la nani. Niliogopa kutoa la kuanguliwa, kwa hiyo sikutoa lolote. Mama alipouliza kama kuku mwekundu ametaga, nilisema bado. Jumatano nikasema bado. Juma la pili Mama alimtazama yule kuku asiye na hatia, akatikisa kichwa.

"Huyu amezeeka," alisema. "Krismasi ataingia kwenye sufuria."

Kuku mwekundu alikuwa akifanya kazi yake vizuri kuliko mimi, na sasa alikuwa amehukumiwa kwa kosa langu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Alhamisi. Malori yalikuwa yamekwama kwa siku tatu, na hoteli ilijaa madereva wenye njaa na hasira. Mama alirudi jua likizama. Safari hii hakuhangaika na viatu. Alikaa kitini navyo, na mimi nikapiga magoti nikamvua. Nyayo zake zilikuwa za moto.

"Nimepika chapati mpaka mikono imekufa ganzi," alisema kwa sauti ndogo. Alinikabidhi karatasi yenye slesi nne za mkate mkavu. "Kuna maziwa nusu kikombe. Angalia kikapuni, labda leo huyo mzee wetu ametaga. Ukipata mayai mawili yasiyo na alama, nipikie mkate wa mayai. Ukikosa, basi."

Hapo ningeweza kusema nimekosa. Lakini Mama alikuwa amechoka sana, na mkate wa mayai ndio kitu pekee alichokitamani siku nzima. Nilitaka aupate. Nilitaka pia asijue chochote. Mtu anayetaka vitu viwili vya namna hiyo kwa wakati mmoja hujitafutia balaa.

Nilikwenda kwenye kikapu na koroboi mkononi. Mayai yalikuwa mengi mno kwa kuku mmoja. Mengine yalikuwa yamesukumwa pembeni, nje ya mabawa yake. Niliyagusa, yalikuwa baridi. Nikawaza: yai lililoatamiwa huwa na joto, basi lililo baridi ni jipya. Nilijiona mwerevu. Nikachukua mawili ya pembeni.

Nilitia maziwa kwenye bakuli, nikaongeza sukari na chumvi. Nikavunja yai la kwanza. Lilikuwa zima, kiini chake cha manjano kikaelea kwenye maziwa. Nikapumua. Nikavunja la pili.

Hakikutoka kiini. Ilitoka damu, na ndani ya damu kilikuwemo kifaranga kidogo chenye jicho kubwa jeusi, mwili wake haujapata manyoya ya kutosha. Kilikuwa kimekufa. Kilizama kwenye maziwa ya Mama, na maziwa yakageuka rangi.

Nilichukua bakuli, nikapita mlango wa nyuma, nikachimba shimo kwa kijiti kando ya ua na kumwaga kila kitu humo. Nikafukia. Niliporudi nilikuwa nimeshatunga maneno.

"Mama, maziwa yalikuwa yameganda. Nimeyamwaga. Na kuku hajataga."

Alifumbua jicho moja. "Sawa. Si kosa lako," alisema. "Nipe huo mkate na maji."

Nilimpa. Akatumbukiza slesi kavu ndani ya kikombe cha maji, akaila polepole, amefumba macho. Chembe za mkate zilibaki kwenye mdomo wake na hakuwa na nguvu ya kuzipangusa. Hakulalamika. Mtu aliyewalisha madereva wote wa barabara ile alikuwa anakula mkate na maji, na alikuwa ameniambia si kosa langu.

Kama angenigombeza ningeweza kuvumilia. Lile neno la upole ndilo lililonishinda. Nilianza kulia kwa sauti.

"Ni kosa langu, Mama. Maziwa hayakuganda."

Nikamweleza yote: makaa niliyoyaacha, mchezo wa kati, kuku mwekundu aliyekuwa akitaga siku zote hizo, mayai mengi, kifaranga kwenye bakuli. Nilieleza huku nikitazama sakafu. Nilipomaliza nilingoja kofi, au fimbo, au sauti yake kubwa.

"Atyang," alisema hatimaye, "hata kukasirika kunataka nguvu, na leo mimi sina." Aliweka kikombe chini. "Lakini hayo mayai si yangu peke yangu. Nenda umwite Nyanya Nabwire. Umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Usiseme Mama anakuita tu."

Kutoka kwetu hadi kwa Nyanya ni hatua arobaini. Jioni hiyo niliziona mia nne. Nilimkuta akipeta mtama, nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni. Alisimamisha ungo.

"Haiya! Siku kumi na mbili unadanganya? Hii kuku nilitoa nayo Funyula, nimeibeba kwa mkono kama mtoto! Mimi huyu sijawahi kuja kuchungulia kwenu, kwa sababu nilisema Mama Atyang ako, na Atyang ako."

"Nisamehe, Nyanya."

"Kusamehe tutaongea. Kwanza tuokoe zenye ziko hai. Nipe hiyo tochi hapo juu ya kabati."

Jikoni kwetu Nyanya alizima koroboi na kufunga mlango. Alimnyanyua kuku wa madoadoa bila kudonolewa hata mara moja, akampakata. Kisha alinionyesha jinsi ya kushika yai kati ya vidole, upande mnene ukikaa juu ya mwanga wa tochi. Nilishangaa. Yai ambalo mchana halisemi kitu, gizani lilikuwa na habari zote ndani yake.

"Angalia hii," alisema. "Umeona hiyo giza, na mishipa kama mizizi? Na kitu inatingika? Hiyo ni mtoto. Iko sawa. Rudisha polepole."

Tulimulika mayai kumi na tano, moja baada ya jingine. Nane yalikuwa na vifaranga hai. Mawili ya Nyanya yalikuwa viza, kwa sababu yalisukumwa pembeni yakapata baridi. Matatu ya kuku mwekundu yalikuwa yameanza kujenga kifaranga, lakini yalikuwa yamechelewa sana.

"Hizi hazitafikia wenzao," alisema Nyanya. "Wale nane wakitoka, kuku ataondoka nao, na hizi zitabaki zikioza." Akayaweka kando.

Mawili ya mwisho yalipitisha mwanga wote. Hayakuwa na doa wala mshipa.

"Hizi ni za juzi na leo," alisema. "Ona, huyo mwekundu wenu hana shida yoyote. Mwenye shida ni mwingine."

Mama, aliyekuwa ameegemea mlango, alicheka kidogo kwa pua. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka jioni ile. Mimi nilitamani kuingia ndani ya kikapu.

Kisha Nyanya aliwasha koroboi tena, akanipa kipande cha makaa. Nilichora duara kwenye yai la kwanza, kisha la pili, mpaka la nane. Kazi yote haikuchukua dakika tano. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi, nikaviangalia kwa muda. Kwa kukwepa dakika tano tu nilikuwa nimepoteza vifaranga watatu na kumnyima Mama chakula chake.

"Sasa pika," alisema Nyanya, akinikabidhi yale mayai mawili safi.

"Hakuna maziwa, Nyanya."

"Nani alikuambia mkate wa mayai lazima maziwa? Weka maji kijiko mbili. Njaa haijui tofauti."

Zilibaki slesi tatu. Nilivunja mayai huku nimezuia pumzi. Yalikuwa mazima. Niliyapiga mpaka povu likatokea, nikatumbukiza slesi, nikaikaanga. Harufu ya yai na sukari ilipopanda, Mama, aliyekuwa amerudi kitini kwake, alifumbua macho mwenyewe bila kuitwa. Nilimpa slesi mbili, na Nyanya moja. Yangu sikuiweka. Nyanya aliikata yake katikati, akanisukumia nusu.

"Kula. Mtoto mwongo pia ana tumbo."

Mama alikula ya kwanza yote, akaanza ya pili. Katikati akaacha kutafuna, akanitazama.

"Sikiliza, Atyang. Ninapotoka humu ndani ni giza, na ninaporudi ni giza. Vitu vya nyumba hii mimi sivioni. Ninaviona kwa macho yako. Ukiniambia yai lina alama, mimi naliona lina alama. Ukiniambia maziwa yameganda, naona yameganda. Siku unayonidanganya, unamfumba macho mtu ambaye ameshachoka. Na mtu aliyechoka akifumbwa macho huanguka. Makosa utafanya, hata mimi huunguza chapati. Lakini uje uniambie wakati bado ni yai moja."

"Ndiyo, Mama."

"Na kuku ya kugawana," akaongeza Nyanya huku akijipangusa vidole, "inakaa kwa nyumba mbili. Ukidanganya moja, umedanganya mbili. Kutoka kesho ukitoka shule unapita kwangu kwanza, unaniambia mayai ziko namna gani. Kila siku mpaka zitoke. Hiyo mpira yenu itangoja."

Nilikubali. Nilipogeuka kumtazama Mama, alikuwa ameshalala kitini, kipande cha mkate mkononi. Nyanya alikichukua taratibu, akakifunika kwa sahani. Mimi nikamfunika Mama kwa leso yake.

Siku tisa zilizofuata sikucheza kati hata mara moja. Kila jioni nilitoa yai lisilo na alama nikilikuta, kisha nikaenda kwa Nyanya na habari zangu. Aliuliza maswali mengi kuliko mwalimu wa hesabu. Kuku mwekundu aliendelea kutaga, na Mama akafuta ile hukumu ya Krismasi.

Alfajiri ya siku ya ishirini na moja niliamka kabla ya Mama, kwa sababu nilisikia sauti nyembamba jikoni. Nilichuchumaa karibu na kikapu na koroboi, nikahesabu vichwa vyenye maji maji vilivyochungulia chini ya mabawa. Nikahesabu tena. Nikachukua yai lililobaki, nikaliweka sikioni. Halikuwa na sauti.

Mama alitokea akifunga leso kichwani. Alisimama mlangoni, macho yamejaa usingizi, tayari kwenda kwenye chapati zake. Tulikuwa tumengoja wanane. Nilijua jinsi alivyoitaja hiyo nane kila jioni, na nilitamani kumpa nane.

"Wangapi?" aliuliza.

"Saba, Mama," nikasema. "Yai moja limekufa. Nimelisikiliza mara mbili."

Alisimama kidogo, akihesabu moyoni.

"Basi wanne wa Nyanya, watatu wetu," alisema. "Watatu watatosha kuanzia. Wape maji."

Akavaa viatu vyake, akaenda kazini, na hakuchungulia kikapuni.